Jinsi ya kulipima kundi la Hispaniki kabla hujaliingiza kwenye jedwali lako

Data za Marekani ni za bure, zina mamilioni ya watu ndani yake, na hazikulazimishi kutoka Ng'ong'ona kwenda kuzikusanya. Ndiyo maana wanafunzi wa takwimu, afya ya jamii na mipango hapa Dodoma huzipakua kwa mazoezi, na wengine kwa tasnifu kabisa. Kasheshe huanza kwenye safuwima ya asili ya mtu. Unakuta Weupe, Weusi, Waasia, halafu Hispaniki, na mkono unataka kuichukua Hispaniki kama rangi ya nne.

Si rangi. Ni kundi la asili lililowekwa na serikali kwa ajili ya sheria na hesabu. Kwa maswali fulani lina maana kubwa, kwa mengine linaficha kila unachokitafuta. Huwezi kujua liko upande gani kwa kubishana. Unajua kwa kulipima kwa swali lako mwenyewe. Utaratibu ndio huu.

Kwanza, jua nani yumo na nani hayumo

Chanzo cha safuwima hiyo ni Mwongozo Namba 15 wa Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ya Marekani, uliotolewa mwaka 1977 na kurekebishwa 1997 na 2024. Toleo la 1997 linasema kwa ufupi hivi: Hispaniki ni mtu mwenye asili au utamaduni wa Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Amerika ya Kati au ya Kusini, au utamaduni mwingine wa Kihispania, awe wa rangi yoyote. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ya kupigia mstari. Mweusi wa Jamhuri ya Dominika yumo. Mtu wa Argentina ambaye babu zake walitoka Italia yumo. Mmaya wa Guatemala aliyejifunza Kihispania shuleni yumo, na Mperu mwenye wazazi wa Kijapani pia yumo.

Sasa tazama walioachwa nje. Mbrazili hayumo kwa tafsiri rasmi, maana kwao ni Kireno. Mfilipino huhesabiwa Mwasia, ingawa Hispania iliitawala Ufilipino zaidi ya miaka 300. Na mtu wa Guinea ya Ikweta, nchi ya Kiafrika ambayo Kihispania ni mojawapo ya lugha zake rasmi? Tafsiri inamruhusu, lakini anayeamua ni yeye mwenyewe, kwa sababu sensa ya Marekani huchukua jibu la mhojiwa kuhusu nafsi yake. Hakuna kipimo cha damu, cha jina la ukoo wala cha lugha. Kumbuka hilo kila unapoandika "Wahispaniki ni asilimia kadhaa": maana yake ni asilimia hiyo ya watu waliotia alama kwenye kisanduku hicho, siku hiyo, kwa swali lilivyoandikwa siku hiyo.

Angalia mwaka kabla ya kuangalia namba

Kundi hili halikuwa lilelile miaka yote, kwa hiyo mfululizo wa miaka mirefu ni mtego. Mwaka 1930 sensa ya Marekani iliandika "Mmeksiko" kama rangi. Wamarekani wenye asili ya Meksiko na serikali ya Meksiko walipinga, na mwaka 1940 makarani waliagizwa kuwaandika watu hao kuwa weupe isipokuwa ikionekana wazi kwamba ni Wahindi Wekundu au wa rangi nyingine. Watu walewale, mitaa ileile, ndani ya miaka kumi wakahama rangi kwenye karatasi. Anayetaka ushahidi kwamba rangi kwenye sensa ni uamuzi wa ofisi, huo hapo.

Mwaka 1970 swali la asili ya Kihispania liliulizwa kwa sampuli ya asilimia 5 tu ya watu. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukusanya takwimu za watu wenye asili ya Kihispania, mwaka uliofuata ukatoka Mwongozo Namba 15, na kuanzia 1980 swali likaulizwa kwa kila mtu. Kwa hiyo mfululizo unaoweza kuutetea mbele ya msimamizi wako huanza 1980. Hata hapo bado kuna mabonde.

La kwanza ni maneno ya swali. Mwaka 1970 kisanduku kimojawapo kilimtaja mtu wa Amerika ya Kati au ya Kusini. Wakazi wengi wa majimbo ya katikati na kusini mwa Marekani, wasio na uhusiano wowote na Kihispania, wakadhani wanaulizwa wao na wakatia alama. Mwaka 2000 kosa lilikuwa la namna nyingine: kwenye kisanduku cha "wengine", mifano iliyokuwepo mwaka 1990, kama Mdominika na Mkolombia, iliondolewa. Watu wakaandika tu "Hispaniki" au "Latino" bila kutaja nchi, na Wadominika na Wakolombia wakaonekana wachache kuliko walivyo. Mifano ikarudishwa 2010. Ukilinganisha Wadominika wa 2000 na wa 2010 bila kulijua hili, utaandika habari ya uhamiaji ambayo sehemu yake ni habari ya dodoso.

La pili ni jinsi majibu yanavyopewa namba baada ya kukusanywa. Kwa kawaida mtu akijibu kwamba ni Hispaniki na kuandika "Mbrazili", ofisi humrudisha kwa wasio Hispaniki. Kwenye utafiti wa jamii wa Marekani (American Community Survey) wa mwaka 2020 hatua hiyo ilikosewa. Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, walipochambua faili waliona kwamba mwaka 2019 Wabrazili waliohesabiwa Hispaniki walikuwa kama 14,000. Mwaka 2020 walikuwa angalau 416,000, zaidi ya theluthi mbili ya Wabrazili wote wa Marekani. Mwaka 2021 wakarudi kuwa kama 16,000. Hawakubadilika wao. Kosa la kuchakata data liliwaacha na jibu walilolitoa, na jibu hilo linaonyesha kwamba wengi wao wanajiona wamo kwenye kundi ambalo tafsiri rasmi inawatoa.

La tatu ni kubwa zaidi. Kati ya 2010 na 2020 idadi ya Wamarekani wenye rangi zaidi ya moja iliruka kutoka milioni 9 hadi milioni 33.8, na sehemu ya waliojibu "mweupe" peke yake ikashuka kutoka asilimia 72.4 hadi 61.6. Vichwa vya habari vilipiga kelele. Lakini mwaka 2020 fomu iliongeza nafasi ya kuandika asili chini ya "Mweupe" na "Mweusi", na mfumo ulisoma hadi herufi 200 badala ya 30. Mtu aliyetia alama "Mweupe" kisha akaandika "Meksiko" aliingizwa kwenye rangi mbili. Sehemu ya Wahispaniki walio "weupe peke yake" ikaanguka kutoka asilimia 53 hadi 20.3, na wenye "rangi nyingine" peke yake wakawa asilimia 42.2. Usichore mstari mmoja kuunganisha 2010 na 2020 kwa safuwima ya rangi. Ukilazimika, kata mstari kwenye grafu na ueleze sababu chini yake.

Jumlisha vizuri, au jedwali litapita mia

Hili ndilo kosa linalorudi kuliko yote kwenye kazi za wanafunzi. Chukua sensa ya 2020: weupe peke yake asilimia 61.6, weusi 12.4, Waasia 6.0, wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska 1.1, wa visiwa vya Pasifiki 0.2, rangi nyingine 8.4, rangi mbili au zaidi 10.2. Jumla ni 99.9, na kilichopungua ni kukadiria desimali. Ukiongeza Hispaniki 18.7 unapata 118.6. Ile 18.7, yaani watu milioni 62.1, tayari imo ndani ya rangi zote zilizotangulia.

Dawa ni kutumia jedwali lililokwisha kuvuka mambo hayo mawili. Kwenye data za utafiti wa jamii wa Marekani, jedwali B03002 linakupa Hispaniki kwa rangi, na B03001 linakupa Hispaniki kwa nchi ya asili. Kutoka B03002 chukua "weupe wasio Hispaniki", "weusi wasio Hispaniki" na kuendelea, kisha Hispaniki wote kama kundi moja. Hapo jumla inakaa kwenye mia. Kwa sensa ya 2020 weupe wasio Hispaniki ni asilimia 57.8, si 61.6. Andika maneno "wasio Hispaniki" kwenye kila safu ya jedwali lako, hata kama yanajaza ukurasa.

Livunje kundi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiipite mbio.

Ukitumia faili za IPUMS, hifadhi ya bure ya data za sensa na tafiti, pakua HISPAN na RACE pamoja, ongeza BPL ya mahali pa kuzaliwa, YRIMMIG ya mwaka wa kuhamia, LANGUAGE ya lugha ya nyumbani, na PERWT ambayo ni uzito wa sampuli. HISPAN ina 0 kwa asiye Hispaniki, 1 Mmeksiko, 2 Mpuertoriko, 3 Mkuba, 4 wengine, 9 hakujibu. Hiyo 4 ni gunia: Wasalvador, Wadominika, Wakolombia na Wahispania wa Ulaya wamo pamoja. Chukua HISPAND yenye mgawanyo wa kina, usiishie kwenye HISPAN.

Kisha fanya uchambuzi mara mbili. Mara ya kwanza Hispaniki wote kama kundi moja dhidi ya weupe wasio Hispaniki. Mara ya pili kwa nchi ya asili. Weka matokeo kando kwa kando na ujiulize: pengo kati ya Wameksiko na Wapuertoriko ni kubwa kuliko pengo kati ya Hispaniki wote na weupe? Kama ni kubwa, kwa swali hilo kundi halina maana, liache. Kama makundi yote madogo yanaelekea upande mmoja na kwa ukubwa unaokaribiana, lina maana, na unaweza kulitumia bila aibu.

Pumu ni mfano mzuri wa kwanza. Watoto wa Kipuertoriko wako miongoni mwa wanaougua sana pumu Marekani, wakati wenzao wenye asili ya Meksiko wako chini. Wastani wa Hispaniki unatoka katikati, namba tulivu isiyomhusu mtoto yeyote. Na kwa kuwa Wameksiko ni zaidi ya nusu ya Wahispaniki wote, wastani wowote wa kundi zima huvutwa kwao. Daktari anayepanga dawa kwa kutumia wastani huo anamnyima huduma mtoto wa Kipuertoriko. Hilo si suala la nadharia.

Umri wa kuishi unafundisha tofauti kidogo. Mwaka 2019 Mhispaniki alitarajiwa kuishi miaka 81.9 na mweupe asiye Hispaniki 78.8, ingawa Wahispaniki kwa wastani wana kipato kidogo. Watafiti wamelijadili fumbo hili tangu 1986. Wanataja mambo kama uvutaji sigara mdogo na ukweli kwamba anayehama mara nyingi ni mwenye afya. Lipo pia la kuangalia kwenye data zenyewe: kwenye sensa mtu hujitaja mwenyewe, lakini kwenye cheti cha kifo asili yake hujazwa na mwenye kampuni ya mazishi, kwa kuuliza ndugu au kwa kukisia. Ukigawa vifo kwa idadi ya watu, juu ya mstari wa sehemu (vifo) kuna hesabu ya namna moja, chini (watu) kuna ya namna nyingine. Takwimu rasmi husahihishwa kwa hilo. Ukipiga hesabu zako kutoka faili ghafi, lazima usahihishe mwenyewe au ulitaje.

Kwa data za NHANES za afya na lishe, tumia RIDRETH1: 1 ni Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, 2 ni Hispaniki wengine. Usiunganishe 1 na 2 kwa miaka ya kabla ya 2007. Kabla ya hapo sampuli iliongezwa makusudi kwa Wameksiko tu, hivyo "Hispaniki wote" wa miaka hiyo hawawakilishi mtu yeyote. Kuanzia mzunguko wa 2007–2008 kuunganisha kunakubalika.

Ukivunja kundi, sampuli nazo hupungua. Kanuni ya haraka: kosa la kukadiria asilimia ni takriban 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Watu 400 wanakupa kama pointi 5 juu au chini, watu 100 pointi 10, watu 25 pointi 20. Ukiwa na Wakuba 25, usiandike asilimia yao. Andika idadi na useme ni wachache. Kwa data zenye sampuli ya mafungu, yaani watu waliochaguliwa eneo kwa eneo badala ya mmoja mmoja, kosa huwa kubwa zaidi ya hapo.

Hatua ya mwisho ni kuongeza kipato, elimu, lugha na miaka ya kukaa Marekani kwenye modeli. Mara nyingi namba ya Hispaniki itapungua au kupotea, na mwanafunzi atafurahi na kuandika kwamba kundi halipo. Asiharakishe. Kama mtu alinyimwa kazi kwa sababu ya jina lake, kipato chake kidogo ni matokeo ya ubaguzi huohuo, na ukikiweka kwenye modeli umeufuta ubaguzi kwa mkono wako.

Mahali ambapo kundi lina maana kweli

Sheria ni mahali pa kwanza. Mwaka 1954, katika kesi ya Hernandez dhidi ya Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba watu wenye asili ya Meksiko walitendewa kama tabaka la pembeni. Jimbo lilidai kwamba wao ni weupe, kwa hiyo hakuna ubaguzi, huku katika kaunti husika kwa miaka 25 hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi kwenye baraza la wazee wa mahakama. Bila kundi la kuhesabu, ubaguzi ule usingeonekana. Mwaka 1975 sheria ya haki ya kupiga kura iliongezewa ulinzi kwa wenye lugha za wachache, wakiwemo wenye asili ya Kihispania, na ndiyo sababu kuna maeneo yanayolazimika kutoa karatasi za kura kwa Kihispania.

Utambulisho nao upo, lakini unayeyuka. Pew waliwauliza watu wazima wenye asili hiyo kama wanajiita Hispaniki au Latino: waliozaliwa nje walikubali kwa asilimia 97, kizazi cha pili 92, cha tatu 77, cha nne na kuendelea 50. Wanaoliacha jina mara nyingi ni waliooana na watu wasio wa kundi hilo na waliosoma zaidi. Kwa hiyo mtu anayepima maendeleo ya "kizazi cha tatu cha Hispaniki" anapima waliobaki, na maendeleo yanaonekana madogo kuliko yalivyo.

Kwa msimamo wetu, basi: kwa biolojia na tiba, acha kundi na tumia nchi ya asili au, bora zaidi, kipimo chenyewe unachokihitaji. Kwa ubaguzi, kura, lugha ya huduma na haki, litumie.

Ukija kwenye dodoso lako la hapa

Kipimo hichohicho kinafaa Kondoa na Chemba. Wilaya hizo mbili zina Kirangi ambacho ni Kibantu, Kiburunge ambacho ni Kikushi, Kisandawe chenye sauti za kidoko, na wafugaji wa Kibarabaig wenye lugha ya Kiniloti. Ukiandika kisanduku "mwenyeji wa Kondoa" umefanya walichofanya wale wa Marekani mwaka 1977. Kwa swali la umbali wa zahanati kisanduku hicho kinatosha kabisa. Kwa lishe kitakupoteza, maana nyumba ya mfugaji mwenye maziwa na nyumba ya mkulima wa uwele zitatoa wastani wa mtu asiyekuwepo.

Uliza kwa swali la wazi, "Unajitambulisha kuwa mtu wa kabila gani?", acha mstari, ruhusu majibu mawili, na upange makundi ukirudi ofisini. Swali la pili liwe lugha inayosemwa zaidi nyumbani. Usimwache mdodosaji ajaze kwa kuangalia sura au jina. Jaribu dodoso kwa watu kumi hivi, wa kijiji usichokifanyia utafiti, na waombe wakueleze walivyolielewa swali. Kosa la 1970 lingenaswa hapo. Barua ya chuo na kibali cha ofisi ya Katibu Tawala viwe mkononi, na mhojiwa ajue anaweza kuliruka swali la kabila. Baadhi wataliruka, waheshimu.

Usitafute uzito wa sampuli kwa kabila. Sensa ya Tanzania iliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967, na ile ya 2022 iliyohesabu watu 3,085,625 mkoa wa Dodoma haikuliuliza. Yeyote anayekupa asilimia ya Wagogo mkoani kwa desimali mbili, muulize ameitoa wapi.

Kama unajaza fomu ya chuo cha Marekani badala ya kuchambua data, jambo ni fupi. Kwenye swali la Hispaniki jibu hapana, kisha jaza rangi unayojitambulisha nayo. Mtanzania mwenye asili ya India huwekwa kwa Waasia. Kwa toleo la Machi 2024 maswali hayo mawili yameunganishwa kuwa moja, unaruhusiwa kutia alama zaidi ya moja, na kumeongezwa kisanduku cha Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Ofisi za serikali zilipewa hadi mwaka 2029 kuhamia huko, hivyo utakutana na fomu za aina zote mbili.

Mabadiliko hayo yanagusa pia sura ya tatu ya tasnifu yako. Weka humo aya hii, ukijaza nafasi: "Asili ya mhojiwa ilitokana na kujitaja kwake mwenyewe mwaka ____, kwa swali la aina ya ____ (mawili tofauti au moja lililounganishwa). Hispaniki ni pamoja na watu wa rangi yoyote. Makundi mengine yote ni ya wasio Hispaniki. Matokeo yalipimwa pia kwa nchi ya asili, na nchi zenye wahojiwa chini ya ____ zimeripotiwa kwa idadi, si kwa asilimia."